Thaba Bosiu, ngome ya mlimani ya Wasotho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiutaja mlima huu mbele ya ndugu wa Afrika Mashariki, maswali huja yale yale. Wengine wamesikia tu kwamba kuna mfalme aliyewashinda watu kwa kuwapelekea ng'ombe. Wengine wako safarini kuelekea Lesotho na wanataka kujua kama inafaa kupanda. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayozua ubishi.

## Ya msingi

Thaba Bosiu ni nini hasa: mlima, ngome au mji?

Imewahi kuwa vyote vitatu. Ukiutazama ni mlima wenye kilele bapa kama meza, umezungukwa na genge la mwamba wa mchanga karibu pande zote. Uko kilomita 24 hivi kutoka Maseru, mji mkuu wa Lesotho. Kilele kiko mita 1,804 juu ya usawa wa bahari, ila tarakimu hiyo isikutishe: Lesotho yote iko juu, hata bonde lake la chini kabisa linazidi mita 1,300. Kutoka chini ya mlima hadi kileleni ni mwendo wa mtu mwenye afya ya kawaida.

Kuanzia 1824 hadi 1870 palikuwa makao ya Moshoeshoe wa Kwanza, mwanzilishi wa taifa la Wasotho. Juu palikuwa na nyumba, mazizi, baraza na makaburi. Hapo ndipo taifa lilipoundwa, na hapo ndipo wafalme wake wanazikwa mpaka leo.

Jina linatamkwaje, na lina maana gani?

Hiyo "th" si ya "thamani" wala ya "thelathini". Ni t inayotoka na pumzi, na "o" nyingi za Kisotho huelekea kwenye "u". Kwa hiyo sema "Taba Busiu". Moshoeshoe ni "Mushweshwe", na Lesotho ni "Lesutu".

Thaba ni mlima, bosiu ni usiku. Weka "bosiu" kando ya "usiku" utaona undugu, kama ilivyo kwa "batho" na "watu". Mkutano wa hadhara Wasotho huuita pitso, nasi tunasema mwito. Mosotho ni mtu mmoja, Basotho ni wengi, Sesotho ni lugha: M-, Wa-, Ki-. Mswahili akikaa Maseru wiki mbili huanza kuokota maneno mwenyewe.

Kwa nini uitwe Mlima wa Usiku?

Kwa maelezo ya kawaida, Moshoeshoe na watu wake walifika jioni giza likiingia, wakapanda usiku. Yapo pia masimulizi kwamba mlima hukua usiku (tazama swali la mlima kukua, hapa chini).

Moshoeshoe alikuwa nani kabla ya mlima huu?

Alizaliwa karibu na 1786 huko Menkhoaneng, kaskazini mwa Lesotho ya leo, akapewa jina Lepoqo. Baba yake, Mokhachane, alikuwa chifu mdogo tu wa ukoo wa Bamokoteli. Jina la Moshoeshoe alilipata ujanani baada ya kuteka ng'ombe wa jirani: alijisifu kwamba amemnyoa yule bwana ndevu, na "shwe, shwe" ni sauti ya wembe ukipita kidevuni.

Kijana huyo alikuwa na hasira za haraka. Masimulizi ya Wasotho yanasema alipelekwa kwa Mohlomi, chifu na mganga aliyeheshimiwa katika nchi zote za Wasotho, akafundishwa kwamba chifu huongoza kwa haki na kwa kuwapokea maskini. Sidhani mtu anaweza kuuelewa mlima huu bila kumtaja Mohlomi.

Kwa nini walihamia huko?

Miaka ya 1820 ilikuwa ya balaa kusini mwa Afrika. Wasotho wanaiita Lifaqane: vita, njaa na watu kuhamahama, kila jamii iliyosukumwa ikiisukuma nyingine. Moshoeshoe alikuwa amejihami juu ya mlima mwingine, Butha-Buthe, na mwaka 1824 Watlokwa wa Sekonyela wakamzingira huko hadi njaa ikawashika watu wake. Alinusurika, lakini alijua mlima ule hautamhimili mara ya pili. Akatuma watu wakatafute mwingine. Katikati ya baridi kali ya 1824 wakaondoka wote, wazee kwa watoto, wakatembea zaidi ya kilomita 100 kuelekea kusini.

Safari hiyo ndiyo iliyomwacha nyuma babu yake, Peete, naye akaishia mikononi mwa watu waliokuwa wakila watu kwa njaa. Habari hiyo ina swali lake.

## Ngome yenyewe

Mbona hakuna kuta wala minara? Ni ngome ya namna gani?

Aliyezoea Fort Jesus ya Mombasa au Gereza la Kilwa hushangaa, kwa sababu hapa sehemu kubwa ya ukuta ni genge lenyewe. Kupanda unapitia kwenye nyufa chache tu za mwamba, ambazo ni njia kama Khubelu, Ramaseli, Rahebe, Makara na Maebeng. Wasotho walizijengea kuta fupi za mawe makavu, mawe juu ya mawe bila udongo wa kushikia, na juu yake wakarundika mawe makubwa tayari kwa kuporomoshwa.

Nilipopanda Khubelu mara ya kwanza, kiongozi wetu alisimama mahali njia inapobana, akatuonyesha juu kwa kidole. Khubelu ni neno la rangi nyekundu. Njia inapanda katikati ya mwamba, changarawe inateleza chini ya viatu, na pumzi yako unaisikia mwenyewe. Kichwa cha mtu aliyesimama juu ya genge kilionekana waziwazi dhidi ya mbingu. Jiwe la ukubwa wa mtungi likiachiwa kutoka pale lisingekuwa na pa kwenda ila kwako.

Maji na chakula walipata wapi wakizingirwa?

Juu kuna chemchemi, na hilo ndilo linaloutenga mlima huu na milima mingi ya jirani. Kilele kina ukubwa wa kilomita 2 za mraba hivi, nyasi tupu, kwa hiyo ng'ombe waliweza kupandishwa wakalishwa huko juu. Nafaka iliwekwa akiba. Kwa kuzingirwa siku chache au wiki chache, ilitosha. Kwa miezi, mambo yalikuwa mengine (tazama swali la 1865).

Ni kweli mlima hukua usiku?

Hivyo ndivyo Wasotho walivyosimulia, na simulizi hilo lilifanya kazi kama silaha. Adui aliyelala bondeni akiamini kwamba genge litakuwa refu zaidi kabla ya alfajiri alikuwa ameshashindwa nusu. Wengine husimulia juu ya kamba iliyopakwa dawa na kuzungushiwa mlima. Mchana, ukiwa umekaribia, mlima unaonekana mdogo; jua likizama na vivuli vikirefuka, unainuka. Mimi nimeuona ukifanya hivyo, na nimeelewa kwa nini watu waliamini.

## Vita na hekima

Nani waliishambulia?

Wengi, kwa miaka arobaini hivi. Wangwane wa Matiwane walirudishwa miaka michache tu baada ya Wasotho kuhamia. Wakafuata Wakora, jamii ya Wakhoikhoi wenye farasi na bunduki, na kutokana na vita vyao Wasotho nao wakajifunza kutafuta farasi na bunduki. Leo huwezi kumfikiria Msotho wa milimani bila farasi wake. Mwaka 1831 wakaja Wandebele wa Mzilikazi, 1852 Waingereza, kisha mwaka 1858 na kuanzia 1865 Makaburu wa Dola Huru ya Orange, jamhuri yao iliyopakana na Wasotho.

Ni kweli aliwapelekea adui ng'ombe baada ya kuwashinda?

Ndiyo, Wandebele wa Mzilikazi, mwaka 1831. Walipanda wakapondwa na mawe, wakarudi nyuma. Walipokuwa wakijiandaa kuondoka, Moshoeshoe akawatumia ng'ombe wanono na ujumbe: naona njaa ndiyo iliyowaleta, kuleni njiani mwende kwa amani. Hawakurudi tena.

Watu hulisimulia hili kama kichekesho au kama upole wa mtakatifu. Mimi naona ni akili ya mtu anayehesabu. Jeshi lililoshindwa lina aibu ya kulipiza. Jeshi lililolishwa limepewa sababu ya kurudi nyumbani bila aibu. Ndivyo alivyofanya hata kwa waliomzidi nguvu: alimpelekea Shaka manyoya ya korongo, akijua kwamba zawadi ya mapema huokoa maisha ya vijana wake.

Na wale waliomla babu yake, aliwafanya nini?

Walipokamatwa watu walitaka wauawe. Moshoeshoe alikataa. Alisema matumbo yao ndiyo kaburi la babu yake, na kaburi halifukuliwi. Akawafanyia taratibu za utakaso zinazofanywa makaburini, kisha akawapa mahali pa kuishi na ng'ombe wa kuanzia maisha.

Ng'ombe hao walitolewa kwa mtindo uitwao mafisa: mnyama anabaki kuwa wa chifu, wewe unamtunza na kunywa maziwa yake. Msomaji wa Burundi atakumbuka ubugabire. Kwa njia hiyo watu waliofika bila kitu, kutoka koo na lugha mbalimbali, waligeuka kuwa Wasotho. Mtu akiniuliza ngome hii ilijengwa kwa nini, nitataja mafisa kabla ya mawe.

Wamisionari walikuwa wakifanya nini hapo?

Mwaka 1833 walifika Wafaransa watatu wa misheni ya Paris: Eugène Casalis, Thomas Arbousset na Constant Gosselin. Moshoeshoe mwenyewe alikuwa amewatafuta walimu. Walianza Morija, kisha mwaka 1837 Casalis akahamia chini ya Thaba Bosiu, akawa mshauri na mwandishi wa mfalme katika barua zake na wazungu. Mfalme alisikiliza mahubiri, akahojiana nao sana, lakini alifariki kabla ya kubatizwa.

Waingereza walishindwaje mwaka 1852?

George Cathcart, gavana Mwingereza wa Koloni la Rasi (Cape), alidai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 kama fidia ya wizi wa mifugo mpakani. Akapelekewa 3,500. Akavuka mto Mohokare (Caledon), ulio mpakani leo, na jeshi, na tarehe 20 Desemba wakapigana kwenye nyanda za Berea, karibu na mlima. Wasotho wenye farasi waliwabana. Zaidi ya askari 30 wa Uingereza walikufa. Hata hivyo maelfu ya ng'ombe walichukuliwa.

Usiku uleule Moshoeshoe alituma barua, na juu yake iliandikwa kwamba ni usiku wa manane, Thaba Bosiu. Alimwambia gavana kwamba ameshaonyesha nguvu zake, ameshaadhibu, basi hao ng'ombe aliowachukua wamtoshe, na yeye asihesabiwe tena kuwa adui wa Malkia. Cathcart, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuogopa asubuhi inayofuata, aliipokea haraka akaondoka.

Sijui barua nyingine ya mfalme wa Kiafrika wa zama zile inayonigusa hivi. Alikuwa na ushindi mkononi akaandika kama mwombaji, kwa sababu alitaka watu wake walime msimu ule.

Kilitokea nini mwaka 1865?

Hapa ndipo simulizi la fahari linapoingia uchungu. Makaburu wa Dola Huru ya Orange waliuzingira mlima mwezi Agosti. Tarehe 15, Louw Wepener aliongoza kikosi kupanda Khubelu, akapigwa risasi akafa njiani. Mji wa Wepener, ng'ambo ya mpaka, umepewa jina lake. Shambulio likavunjika.

Lakini juu kulikuwa kumejaa watu na ng'ombe kupita kiasi. Nyasi ziliisha, maji hayakutosha, ng'ombe wakafa kwa wingi. Huku chini Makaburu walichoma mazao na kuteka mifugo. Waliona kwamba si lazima kupanda mlima ili kumshinda aliye juu yake. Mwaka 1866 Moshoeshoe alilazimika kutia saini mkataba, unaoitwa kwa jina la mlima wake, uliomnyang'anya sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya kilimo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba haikuwahi kutekwa?

Hakuna adui wa nje aliyewahi kuiteka. Ukisema hivyo, umesema kweli. Ukiishia hapo, umeacha nusu. Ardhi yenye rutuba magharibi ya Mohokare ilikwenda na haikurudi. Leo ni sehemu ya jimbo la Free State, Afrika Kusini. Ukisimama juu siku isiyo na ukungu na kutazama upande huo, unaona mashamba hayo.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Baada ya Moshoeshoe, mwanawe Masopha alikaa mlimani na kuwa mkaidi kwa Waingereza na hata kwa ndugu zake wa ukoo wa kifalme. Mwaka 1898 Lerotholi, chifu mkuu wa Wasotho, alimshinda, na Masopha akalazimika kuondoka. Kwa hiyo waliomtoa mtu kwa nguvu Thaba Bosiu ni Wasotho wenyewe.

Msomaji wa Iringa atakuwa anaufikiria Kalenga wa Mkwawa, ulioangushwa na mizinga ya Wajerumani mwaka 1894. Kulinganisha kunafaa, ila Mkwawa alikuwa kwenye bonde, na adui yake alikuja na silaha za kizazi kingine.

Kwa nini Moshoeshoe aliomba ulinzi wa Uingereza?

Kwa sababu ya yaliyoelezwa kwenye swali la 1865. Alikuwa mzee, Makaburu walikuwa wanammaliza kidogo kidogo. Tarehe 12 Machi 1868 Gavana Philip Wodehouse alitangaza kwamba Wasotho ni raia wa Uingereza. Mwaka uliofuata mipaka ikapangwa katika mji wa Aliwal North, na mashamba ya magharibi yakabaki kwa Makaburu. Wengi humlaumu. Mimi nikitazama ramani na kuona nchi huru iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, iliyopata uhuru tarehe 4 Oktoba 1966 bila kumezwa na utawala wa ubaguzi wa rangi, nashindwa kumlaumu.

## Mlima leo

Kuna watu wanaoishi juu?

Hapana. Juu kuna magofu ya nyumba za mawe, makaburi, nyasi na upepo. Vijiji viko chini, mlima ukiwa mgongoni kwao. Chini pia kuna kijiji cha utamaduni kinachopokea wageni.

Nani wamezikwa huko?

Moshoeshoe wa Kwanza, aliyefariki tarehe 11 Machi 1870, na wengi wa ukoo wa kifalme baada yake. Wa karibuni kati ya wafalme ni Moshoeshoe wa Pili, aliyekufa katika ajali ya gari Januari 1996.

Atarajiaye kaburi la fahari atashangaa: la mwanzilishi ni rundo la mawe na jiwe la kichwani lenye jina. Mawe hayo hayatofautiani na yale yaliyokuwa yakiporomoshwa kwenye njia.

Kile kilima chenye ncha mkabala ni nini?

Ni Qiloane. Q hiyo ni ya kubofya kwa ulimi, mwombe mwenyeji akufundishe. Wasotho husema kofia yao ya nyasi yenye ncha, mokorotlo, imeiga umbo lake. Kofia hiyo iko katikati ya bendera ya taifa tangu 2006.

Tarehe 11 Machi kuna nini?

Ni Siku ya Moshoeshoe, sikukuu ya kitaifa. Kila mwaka pia watu hutembea kwa miguu siku tatu kutoka Menkhoaneng hadi Thaba Bosiu, wakifuata safari ya 1824, wengi wakiwa wamejifunga mablanketi. Ukiwa Lesotho mwezi huo, nenda uwaone wakiingia.

## Ukitaka kwenda

Nafikaje, na nipeleke pesa gani?

Kutoka Maseru ni mwendo mfupi kwa gari, barabara ya lami. Uwanja wa ndege, wenye jina la Moshoeshoe, uko Mazenod, upande huohuo wa mji. Wengi wetu hupitia Afrika Kusini, kwa hiyo hakikisha masharti ya viza ya nchi zote mbili kabla ya kukata tiketi. Loti, sarafu ya Lesotho, moja ni sawa na randi moja ya Afrika Kusini, na randi inapokelewa kila mahali Lesotho. Loti ukivuka nayo mpaka itakusumbua, itumie yote kabla.

Nipande lini, na nivae nini?

Aprili na Mei, au Septemba. Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli, na mara nyingine theluji. Mtu wa pwani abebe koti zito. Kiangazi chao, Novemba hadi Februari, mvua na radi huja alasiri, na kilele bapa kisicho na mti si mahali pa kukutwa na radi. Panda asubuhi. Viatu viwe vya kushika changarawe.

Lazima niwe na kiongozi?

Chini kuna ofisi, unalipa kiingilio na kupewa kiongozi. Usitafute njia ya kumkwepa. Bila yeye utaona mawe tu.

Niwaamkieje watu?

Mwanamume mwite ntate, mwanamke 'm'e, yaani baba na mama, hata kama humjui. Mtu akikusalimu kwa kusema "khotso", amekutakia amani. Mjibu kwa neno hilohilo. Anayepita bila kusalimu huonekana hana malezi, kama kwetu.

Naruhusiwa kupiga picha makaburini?

Mwombe kiongozi kwanza, kwa kila kaburi. Usikanyage mawe, usikalie, usipige picha za kujionyesha ukiwa juu yake. Wajukuu wa waliolala pale wanaishi vijiji vya chini, na baadhi ya wanaokuongoza ni wa koo hizo.

Na mchanga? Nimesikia watu wanachukua kidogo kwa ukumbusho.

Juu ya mlima kuna tuta la mchanga, na husimuliwa kwamba mchanga wake ukichukuliwa hurudi wenyewe usiku. Nilimwona mama mmoja, mgeni kama mimi, akijaza kiganja kisha akimtazama kiongozi kwa kuuliza. Kiongozi hakumkataza. Alimwambia tu, "'M'e, utajisumbua kuubeba." Mama akafungua vidole, upepo ukauchukua.